Mshauri Amekuwa Mkwe

Asekenye ndiye aliyeona kwanza kwamba mshauri hakuugusa uji.

Kila alipokuja Chakol, Omuse alikunywa uji wa nyumba ile mpaka kikombe kikabaki cheupe, kisha akapitisha kidole ndani na kukilamba bila haya, na Mama Benedetta akacheka na kumwongezea. Lakini asubuhi hiyo alikipokea kikombe kwa mikono miwili, akashukuru, akakiweka chini kando ya mguu wa kiti, akaanza kueleza habari za mifuko ya karatasi. Aliongea akiangalia barabara. Uji ukapoa, ukashika utando. Kuku akaja akadonoa ule utando, kikombe kikapinduka, na Omuse akasogeza tu kiatu chake, kama vile uji umemwagika kwa jirani.

Asekenye alikuwa anageuza muhogo kwenye turubai. Alimtazama mshauri, kisha akautazama mlango wa nyumba kubwa. Vivian, binti wa Mama Benedetta, alikuwa amekuja nyumbani kutoka Alupe, alikokuwa akisoma chuo, na hakuwa ametoka kumsalimu mgeni. Vivian, ambaye husalimia hata mbuzi! Asekenye akayaunganisha mambo hayo mawili, akaelewa, na kama ilivyokuwa kawaida yake, akanyamaza.

Wateso wa upande ule wanajua kwamba mwanamume hali wala hanywi mbele ya mama mkwe wake. Hampi mkono, hamkazii macho, hakai naye karibu. Wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani mpaka mwenzake apite. Kuna nyumba ambazo siku hizi zimelegeza mambo hayo, na wakwe wanapiga picha wamekumbatiana siku ya harusi. Nyumba ya Mama Benedetta haikuwa mojawapo. Na mwanamume anayeacha kunywa uji mahali alipozoea kuunywa, kuna kitu amekwisha kukiamua moyoni.

Basi hazikupita wiki nyingi, wazee wa kwao Omuse wakaja na maneno ya posa. Mama Benedetta akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Kesho yake asubuhi alikuwa anasugua sufuria kwa majivu, akasimama ghafla, sufuria mkononi.

"Kwani sasa," akasema, "nani atatushauri?"

Biashara yenyewe ilikuwa ya unga wa uji: wimbi, mtama na muhogo uliokaushwa vizuri, vikachanganywa na kusagwa. Mama Benedetta aliianzisha pamoja na Anjeline, jirani yake. Asekenye alikuwa mikono yao. Mama yake Asekenye, mdogo wake Mama Benedetta, alifariki mtoto akiwa darasa la sita, na tangu alipoletwa katika boma hili hakurudi tena shuleni. Alikausha, alipepeta, alibeba kwenda mashine ya kusagia, akarudi mweupe kuanzia nyusi hadi kucha. Mwanzo waliuza unga kwa debe katika soko la Chakol, na ukilowa mvua wakaula wenyewe. Kisha akaja Omuse na pikipiki yake, kijana wa mradi mmoja mjini Busia uliosaidia watu kuanzisha biashara ndogo. Hakuja na kiburi. Aliuliza kabla ya kusema. Aliwafundisha kuacha kuanika kando ya lami ambako malori yanapita, akawatafutia mifuko ya kufungia, akawaonyesha jinsi ya kupanga bei ili wabaki na kitu. Wote walimpenda. Shida ni kwamba na Vivian naye alimpenda.

Mama Benedetta alituma watu wakaulize mjini kama wanaweza kupewa mshauri mwingine. Ofisi ikajibu kwamba mwingine yuko upande wa Busibwabo na kazi imemfika shingoni, wangoje. Anjeline akashauri simu.

"Simu?" Mama Benedetta akamgeukia kama aliyetukanwa. "Sauti ya mkwe iniingie moja kwa moja sikioni, nimeibana hapa shavuni? Anjeline, wewe uko sawa kweli?"

"Mimi nasema tu. Au utatembea ndani ya mahindi mpaka Yesu arudi?"

Alisema hivyo kwa sababu Mama Benedetta alikuwa ametoka kwenye mahindi muda huo huo. Alikuwa amesikia pikipiki, akadhani ni ya Omuse, akajitosa shambani na beseni lake kichwani. Kumbe alikuwa mwuza samaki.

Wakaafikiana hivi. Mshauri atakaa chini ya ukingo wa paa la nyumba kubwa. Mama Benedetta atakaa nyuma ya ukuta wa jiko, kwenye kigoda, asionekane. Katikati ni uwanja na turubai la muhogo. Mtu mmoja atabeba maneno kutoka huku kwenda kule. Uwanja wenyewe haukuwa mkubwa. Ukimeza mate huku, kule wanajua umemeza. Kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri kabisa. Lakini Mama Benedetta aliweka sheria, na Omuse akaikubali kwa heshima: neno ambalo halijaletwa ni neno ambalo halijasemwa. Hata kama umelisikia, unangoja liletwe.

Wa kwanza kupewa kazi hiyo alikuwa Anjeline, kwa kuwa hakuwa wa ukoo na mdomo wake ulikuwa mwepesi. Ulikuwa mwepesi mno.

"Mwambie mama," Omuse alisema siku ya kwanza, "bei ya pakiti ndogo ipande kidogo. Karatasi nayo ina gharama."

Anjeline akavuka uwanja. "Mkwe wako anasema unauza kama mtu anayetoa sadaka."

"Sijasema hivyo!" Omuse akapaza sauti, kisha akajiziba mdomo, maana hiyo ilikuwa ni kuongea na mama mkwe.

Nyuma ya ukuta likatoka jibu: "Mwambie sadaka hiyo ndiyo iliyomnywesha uji hapa mpaka akanenepa."

Anjeline akarudi anacheka mpaka leso inamvuka. "Boss, unaambiwa umenenepa kwa uji wa bure."

Siku ile hawakupanga kitu. Omuse aliondoka bila kuaga, Mama Benedetta akalala na kichwa kinamgonga, na Vivian akapiga simu kutoka Alupe akilia. Kesho yake Mama Benedetta akamwita Asekenye, akamtazama kuanzia juu mpaka chini kama mtu anayechagua jembe.

"Huyu atatufaa," akamwambia Anjeline. "Ukimpa neno, litafika lilivyo. Hana la kuchanganya."

Asekenye aliogopa siku nzima. Tangu utotoni maneno yake mwenyewe yalikuwa yanampanda hadi kooni na kusimama hapo. Darasani mwalimu aliuliza swali, yeye akajua jibu, jibu likapanda, likasimama, na mtoto mwingine akalitoa. Alizoea hivyo. Lakini jioni ile alipobeba neno la kwanza la Omuse, akalipitisha kando ya turubai na kulitua nyuma ya ukuta, alishangaa. Lilitoka. Neno la mtu mwingine halikumkwama. Alilisema lote, kwa sauti ya kawaida, kisha akachukua jibu na kurudi nalo.

"Mama anauliza, wimbi likipanda bei tutafanyaje?"

"Mwambie, shemeji, wanunue wakati wa mavuno, waweke. Ghala ndilo litakalowaokoa, siyo kupunguza wimbi kwenye unga."

"Anasema mnunue wakati wa mavuno, muweke. Ghala ndilo litakalowaokoa."

"Mwambie ghala lina panya."

"Kuna panya, anasema."

"Hata mimi kwangu wapo. Mwambie tutaanza na mapipa yenye vifuniko."

Ikawa hivyo. Huku na kule, huku na kule, mpaka nyayo zake zikachora kijinjia kwenye vumbi la uwanja. Na mambo yakaanza kwenda. Mapipa yakapatikana. Mifuko ikachapishwa jina. Mama Benedetta akawa anauliza maswali ambayo asingethubutu kumwuliza kijana uso kwa uso, na Omuse akawa anajibu bila haraka, kwa sababu kila jibu lilikuwa na safari mbele yake. Anjeline alikaa kando anapepeta wimbi na kutoa maoni ambayo hakuna aliyeyabeba.

Asekenye tu ndiye aliyeharibika. Hakuweza tena kutulia. Kila neno lililopita ndani yake liliacha kitu. Alianza kulala na bei kichwani, na kuamka akijiuliza kwa nini pakiti ndogo zinakwisha mapema kuliko kubwa. Akipepeta, anasimama kabla ya kumaliza. Akienda kisimani, anarudi na ndoo nusu. Hata siku ambazo mshauri hakuja, miguu yake ilimpeleka kutoka jikoni mpaka chini ya paa na kumrudisha, bila neno lolote la kupeleka.

"Wewe siku hizi umekanyaga siafu?" Mama Benedetta akamwuliza. "Kaa chini ule."

Akakaa. Kabla tonge halijashuka, akasimama.

Wakati huo ndipo Omuse alipowapatia duka la kupelekea unga mjini Busia. Mwenye duka alikuwa Shamsa, mama wa makamo mwenye buibui jeusi na mdomo mkali, ambaye familia yake ilifanya biashara mpakani tangu enzi za babu yake. Asekenye akawa anapelekwa huko na boda boda, magunia mawili ya pakiti yamefungwa nyuma yake. Njia nzima malori yalikuwa yanawapita, mengine yanatoka Malaba, mengine yanakwenda, matairi yanavuma, maturubai yanapigapiga. Kila kitu kwenye lami ile kilikuwa na mahali kinakokwenda. Asekenye alishika magunia na kutamani safari isiishe.

Duka la Shamsa lilikuwa karibu na mpaka. Mbele yake walipita wanawake wenye muhogo mkavu kutoka Uganda, wabadilishaji fedha, walemavu wanaosukuma mizigo mirefu kwenye baiskeli zao za magurudumu matatu, mawakala wa forodha wenye karatasi mkononi na njaa usoni. Mara tatu Asekenye alishusha unga na kuondoka bila kusema zaidi ya shikamoo. Mara ya nne mteja mmoja, mama Mganda mwenye gomesi, gauni la mabega yaliyochongoka, aliishika pakiti akaigeuza geuza.

"Nyabo, huu unashika au unakuwa maji?"

"Mwulize mwenyewe huyo," Shamsa akasema. "Ndiye aliyeutengeneza."

Asekenye akafungua kinywa. Jibu likapanda, likasimama palepale linaposimama siku zote. Mama Mganda akangoja. Shamsa akangoja. Halafu Shamsa akaingia ndani, akatoka na jiko la makaa, sufuria na upawa, akavibwaga kwenye veranda.

"Kama hutaki kusema, pika."

Basi akapika. Akakoroga unga kwenye maji baridi, akaumimina taratibu kwenye yanayochemka, na harufu ya wimbi ikatoka kwenye veranda, ikavuka barabara. Mama Mganda alikunywa kikombe, akanunua pakiti, akamwita mwenzake. Wakala mmoja akaja na vumbi lake. Vijana wa boda boda wakaja wakitaniana.

"Dada, weka sukari kama unanipenda."

"Akupende wewe? Hata pikipiki yako haikupendi, kila siku inakuzimikia!"

Asekenye hakujibu, lakini alicheka. Alijua nani ameongezewa na nani hajapata kikombe, na macho yake yalikuwa juu, siyo chini. Sufuria ilipokwisha, aliona aibu kwamba siku imekuwa fupi hivyo.

Shamsa alikuwa amesimama mlangoni muda wote, mikono kifuani.

"Sikiliza," akasema. "Mwambie mama yako veranda hii naitoa. Nataka mtu akae hapa kila siku, apike, watu waonje, wanunue unga ndani. Chumba cha kulala kipo huko nyuma na binti zangu. Lakini Ijumaa adhuhuri nataka jibu, kuna mwuza mitumba anaililia." Kisha akamshika Asekenye kidevu, akauinua uso wake. "Na ukiniuliza mimi, mtu huyo ni wewe. Hilo nalo mwambie."

Njia nzima ya kurudi Asekenye alilifanyia mazoezi neno hilo mgongoni mwa mwendesha boda boda. Shamsa amesema mtu huyo ni mimi. Alilisema bila sauti, midomo tu, na upepo ukamjaza kinywa. Alipofika alimkuta Mama Benedetta anafunga mapipa.

"Shamsa anasema nini?"

"Anatoa veranda. Anataka mtu akae pale kila siku kupika, watu waonje. Anataka jibu Ijumaa adhuhuri. Kuna mwuza mitumba."

"Na nini tena?"

Lilikuwa neno la Shamsa, siyo lake. Lingepaswa kupita kama mengine. Lakini lilikuwa na jina lake ndani, na kwa sababu hiyo likakwama.

"Basi," akasema.

Tangu hapo hakupata raha hata kidogo. Alihesabu siku zilizobaki kufika Ijumaa. Mara aliapa kwamba jioni atasema. Jioni ikija alikuwa na vyombo vya kuosha. Alimwona Opolot, kitinda mimba wa Mama Benedetta, anatengeneza nywele na kupigia simu watu wa mjini, naye akajua habari zimemfikia. Pikipiki ya Opolot ilikuwa imekufa injini, na tangu hapo alikuwa anashinda nyumbani akitafuta kazi isiyohitaji kuamka mapema. Mdomo alikuwa nao. Angekuuzia viatu vyako mwenyewe ukiwa umevivaa.

Ijumaa Omuse alikuja mapema. Alikaa mahali pake chini ya paa. Mama Benedetta alikuwa ameshaingia mahali pake nyuma ya ukuta. Anjeline alikuwa na uteo wake wa kupepetea. Opolot aliegemea mlango na simu, anajifanya hasikilizi. Muhogo ulikuwa kwenye turubai, na upepo ulikuwa unainua pembe ya turubai na kuiachia, unainua na kuiachia.

"Mwambie mkwe," sauti ya Mama Benedetta ikatoka nyuma ya jiko, "mimi nimeona aende Opolot. Ni mtoto wa nyumba. Kuongea anajua."

Asekenye akavuka. "Mama anasema aende Opolot. Ni mtoto wa nyumba, kuongea anajua."

Omuse alikuna kichwa. Kumkatalia mama mkwe si jambo jepesi, hata kupitia kwa mtu. "Mwambie ni wazo zuri. Lakini veranda ile inafunguliwa alfajiri."

"Wazo zuri, anasema. Lakini inafunguliwa alfajiri."

"Ataamshwa," likaja jibu.

"Na nani?" Anjeline akauliza uteo wake.

"Mathe, mimi naamka bana," Opolot akasema. "Si ni kukoroga tu?"

Omuse alivuta kiti mbele, akasema polepole, akichagua maneno yasiyokwaruza. "Shemeji, mwambie mama, kabla hatujaamua. Siku ile uji ulipopikwa pale, unga uliuzwa mwingi kuliko wa wiki nzima. Mimi nauliza tu. Kwa nini asiende Asekenye?"

Asekenye alisimama mbele yake kama mtu aliyesikia kitu kikianguka ndani ya nyumba. Kisha akageuka, kwa kuwa kazi ni kazi. Uwanja haukuwahi kuwa mrefu vile. Alifika kwenye ukuta na kusema, kama anayemtaja mtu wa kijiji kingine:

"Anauliza, kwa nini asiende Asekenye."

Uteo wa Anjeline ukanyamaza. Nyuma ya ukuta Mama Benedetta alijibu kwa sauti ya chini.

"Mwambie hivi. Huyu mtoto nampenda kama aliyetoka tumboni mwangu, Mungu anajua. Lakini Busia si jikoni. Mteja akimwuliza bei, atamjibu nini, huyu? Ataangalia vidole vya miguu mpaka mteja azeeke." Akashusha sauti zaidi. "Halafu akienda yeye, mimi hapa nabaki na nani? Hiyo ya mwisho usiipeleke."

Asekenye akarudi. Alibeba kila kitu ila hiyo ya mwisho. Alisema kwamba anapendwa kama aliyetoka tumboni. Alisema kwamba Busia si jikoni. Alisema kwamba mteja akimwuliza bei ataangalia vidole vya miguu mpaka mteja azeeke, na alipokuwa anasema hivyo alikuwa anaviangalia.

Opolot akacheka puani. Anjeline akamtupia ganda la muhogo.

"Ni kweli, shemeji?" Omuse akauliza. Hakuuliza kwa ubaya. Aliinama kidogo ili amwone usoni, akangoja, na alijua kungoja. Hiyo ndiyo kazi iliyomleta Chakol. "Sikutumi popote. Nakuuliza wewe. Ni kweli?"

Jibu likapanda. Alilisikia kabisa likipanda, lina joto, lina uzito. Likafika, likasimama. Upepo ukainua turubai na kuliachia. Omuse akangoja mpaka kungoja kukawa aibu kwa wote wawili, kisha akaiangalia simu yake, akaliangalia jua.

"Basi," akasema, akapumua. "Mwambie mama nimekubali. Opolot aanze Jumatatu. Mama akisema sawa, nampigia Shamsa sasa hivi, adhuhuri isitukute."

Asekenye akageuka na kuondoka na neno hilo. Alitembea kama kawaida, kwenye kijinjia chake, mpaka alipofika katikati, kwenye ukingo wa turubai. Hapo akasimama.

Hakupanga kusimama. Miguu ambayo haikutulia tangu mvua zilizopita ndiyo iliyokataa. Na alipokuwa amesimama, fikira ikamjia, ndogo, baridi, kama maji yanayoingia kwenye kiatu. Neno ambalo halijaletwa ni neno ambalo halijasemwa. Omuse amekubali, kila mtu amesikia, hata Anjeline amesikia, kuku wamesikia. Lakini halijafika. Mama Benedetta hawezi kulijibu. Omuse hawezi kupiga simu. Maadamu yeye amesimama hapa kando ya muhogo, Opolot haendi popote.

"Amesemaje?" Mama Benedetta akauliza kutoka nyuma ya ukuta, ingawa alijua.

Kimya.

"Shemeji," Omuse akasema, "peleka basi."

Kimya.

"Asekenye! Umekanyaga mwiba?" Anjeline akanyanyuka na uteo wake. "Kwani mtoto ana nini?"

"Si apeleke tu," Opolot akasema. "Mimi niko na watu wananingoja."

Asekenye alikuwa anatazama barabara. Lori lilikuwa linapita kuelekea Malaba, refu, halina haraka, na baada yake jingine. Alijua kwamba hawezi kusimama hapo siku nzima, kwamba mtu atakuja amshike mkono, au Anjeline atalibeba neno hilo kwa kicheko chake, na litafika, na litakuwa limekwisha. Alijua pia Mama Benedetta anaogopa kubaki peke yake na mapipa yake, na hilo lilimuuma kuliko la vidole vya miguu.

Mama Benedetta akachungulia. Kwa mara ya kwanza tangu posa ilipokuja alitoa kichwa chake pembeni mwa ukuta wa jiko, mkwe akiwa palepale, na Omuse akageuza uso haraka kuelekea nyumba.

"Mwanangu," akasema, "neno la mshauri liko wapi?"

"Lake silipeleki," Asekenye akasema.

Sauti ilitoka ikiwa imepasuka, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. Hakumgeukia huyu wala yule. Aliusemea ule muhogo, kisha akainua uso.

"Shamsa aliniambia mtu huyo ni mimi, nami nilikunyima hilo, Mama. Lakini siyo kwa sababu Shamsa alisema. Nilikuwa nataka kabla hajasema. Nilikuwa nataka tangu siku ya kwanza niliposhusha magunia pale, na kila siku nikirudi hapa, nusu yangu hairudi. Nataka kwenda Busia. Nataka veranda ile iwe yangu, mimi ndiye nipike, mimi ndiye niulizwe bei. Hata mkinikatalia leo, kesho bado nitataka."